Anayeandika Kifo Chetu: Mchunguzi wa Vifo wa Kaunti na Kura Tunazompa
Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Lexington, Kentucky



Miaka kadhaa iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, simu iliniamsha. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa akifanya kazi ya ghala zamu ya usiku, alikuwa amekutwa kitandani amekufa. Mkewe alikuwa ameita gari la wagonjwa, wahudumu wakaja, wakamtazama, wakatikisa kichwa. Nilipofika nilimkuta askari mlangoni, watoto wamekaa kwenye zulia wamejifunika blanketi moja, na jikoni sahani ya ugali iliyofunikwa, ambayo marehemu alikuwa ameachiwa akitoka kazini. Katikati ya sebule alisimama mtu mwenye glavu na kidaftari. Hakuwa askari, wala hakuwa daktari.

Kabla sijafika, mama yule alikuwa amehojiwa kwa simu kupitia mkalimani asiyemwona. Alikuwa amesema maneno ambayo kila mmoja wetu hapa angeyasema: “Alikunywa dawa zake zote, akasali, akalala.” Mkalimani akayapeleka upande wa pili kama yalivyo: mtu huyu amemeza dawa zake zote. Askari akainua kichwa. Mnaelewa kilichokuwa kinakaribia kuandikwa.

Mtu wa glavu hakuandika. Aliomba aonyeshwe dawa. Zililetwa chupa tatu, ya presha, ya sukari na ya mafuta kwenye damu. Akatandika karatasi nyeupe mezani, akamimina vidonge vya chupa ya kwanza, akavihesabu viwili viwili kwa ncha ya kalamu. Lebo ilisema vidonge 30, na tarehe ya duka la dawa ilikuwa siku 11 nyuma. Vilibaki 19. Akahesabu chupa ya pili, kisha ya tatu, nazo zikalingana. Ndipo aliponigeukia mimi akaniuliza mama alimaanisha nini hasa kwa neno “zote”. Nikamweleza kwamba ni aina zote tatu, kidonge kimoja kimoja, kama daktari alivyomwandikia. Akaandika.

Siku zile bima ya maisha ya marehemu ilikuwa na umri wa miezi saba tu. Bima nyingi za Marekani hazilipi kama mwenye bima amejiua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Neno moja kwenye cheti lingewaacha watoto wale mikono mitupu, na lingemwachia mjane aibu ambayo hakuistahili. Tangu asubuhi ile nimekuwa nikifuatilia cheo cha mtu yule kila nilipopata nafasi, na leo nimekuja kuwaeleza nilichojifunza, kwa sababu mabosi wa watu kama yeye huchaguliwa kwa kura, na wengi wetu sasa ni raia wenye kura.

Mtu yule alikuwa naibu wa mchunguzi wa vifo wa kaunti. Kwa Kiingereza cheo hiki kina jina linalotokana na taji la mfalme. Sisi tulio Afrika Mashariki tuliliazima tukasema “korona”, lakini tangu 2020 neno hilo limetekwa na ugonjwa, kwa hiyo leo nitasema mchunguzi wa vifo.

Taji limeingiaje hapa? Mwaka 1194 Uingereza ilikuwa na shida ya fedha. Mfalme Richard wa Kwanza alikuwa amekamatwa akirudi kutoka vitani, na fidia ya kumkomboa iliikausha nchi. Mwezi Septemba wa mwaka huo iliamriwa kila kaunti ichague askari wapanda farasi watatu wenye cheo na karani mmoja walinde haki za taji. Mtu akifa ghafla, walikwenda kuona kama kuna chochote cha kumwingizia mfalme. Mali ya muuaji ilichukuliwa. Kijiji kikishindwa kueleza maiti iliyookotwa, kilitozwa faini. Hata kitu kilichoua, gari la farasi au fahali, kilitaifishwa au kulipiwa thamani yake, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1846 tu, baada ya treni kuanza kuua watu na kampuni kudaiwa thamani ya injini nzima. Cheo hiki basi kilizaliwa kikitafuta pesa. Ukweli juu ya kifo ulifuata baadaye, kama zao la pembeni. Walowezi wa Kiingereza walivuka nacho bahari, na Marekani ikakishika kwa namna ambayo Uingereza yenyewe imeshaiacha: huko wachunguzi hawachaguliwi tena na wananchi tangu 1888, na leo anayeteuliwa sharti awe mwanasheria. Huku, katika kaunti nyingi, bado tunampigia kura.

Kazi yake ni ipi? Hashughulikii kila kifo. Bibi wa miaka 90 aliyekuwa akitibiwa saratani, akafa hospitalini mbele ya daktari wake, cheti chake kinaandikwa na daktari huyo. Mchunguzi huitwa kifo kinapokuwa cha ghafla, cha kutatanisha, cha ajali, cha risasi au kisu, cha dawa za kulevya, cha mtoto mchanga kitandani, cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi au jela. Akifika, maiti iko chini ya mamlaka yake. Anaitambua, anatafuta ndugu, anaamua kama ipasuliwe, na mwishowe anajaza sehemu mbili za cheti cha kifo ambazo watu huzichanganya.

Sehemu ya kwanza ni chanzo: ni nini kilichoua mwili. Risasi kifuani, damu kuganda kwenye mapafu, moyo. Sehemu ya pili ni namna, na hapo kuna majibu matano tu: ugonjwa au uzee, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au haikujulikana. Shikeni hilo la nne vizuri, maana magazeti hulipotosha kila siku. Mchunguzi akiandika kwamba mtu ameuawa na mwingine, hajasema kuna mhalifu. Amesema mkono wa binadamu mwingine ndio uliomuua. Askari aliyefyatua bunduki, mwenye nyumba aliyejitetea, jambazi, wote huingia hapo. Hatia ni kazi ya mahakama. Lakini bila neno hilo, mara nyingi mahakama haifunguliwi kabisa.

Sasa sifa. Hapa ndipo nilipokosa usingizi, na nitakaa hapa kidogo.

Katiba ya Kentucky inamtaka mchunguzi wa vifo awe na umri wa miaka 24, awe raia wa jimbo, awe amekaa jimboni miaka miwili na kaunti yake mwaka mmoja. Kama maafisa wengine wote wa jimbo hili, anaapa pia kwamba hajawahi kupigana pambano la silaha la watu wawili walioahidiana. Huo ni urithi wa karne ya 19, na bado unasomwa kwa sauti siku ya kuapishwa. Akishachaguliwa anapewa mafunzo ya msingi ya saa 40, na marudio kila mwaka. Saa 40 ni wiki moja ya kazi. Fundi wa kutengeneza nywele jimboni hapa anasoma zaidi ya hapo kabla ya kupewa leseni. Simdharau fundi wa nywele, dada zangu ndio wenye saluni hizo. Nasema tu kwamba jimbo limejua kuweka masharti pale lilipotaka.

Vukeni mto Ohio muingie jimbo la Ohio, mambo yanageuka: huko mgombea sharti awe daktari mwenye leseni. Katika Georgia inatosha umri wa miaka 25, cheti cha sekondari, rekodi safi na kozi ya wiki moja. Pennsylvania inamtaka aliyechaguliwa afaulu mtihani. California, katika kaunti nyingi, cheo hiki kimeunganishwa na cha sherifu: mtu mmoja, nyota mbili. Nchi moja, bendera moja, na maiti ya mtu hupata daktari au haipati kulingana na upande wa mto alioangukia.

Udhaifu huu haujagunduliwa leo. Massachusetts ilifuta wachunguzi wa vifo wa mtindo huu wa zamani mwaka 1877 ikaweka madaktari. Mwaka 1915 jiji la New York lilichunguzwa na kamishna wake wa hesabu, Leonard Wallstein, akakuta waliowahi kukalia kiti hicho tangu 1898 ni pamoja na wazishi, wauza pombe, mafundi bomba na hata muuza maziwa. Cheo kikafutwa, na mwaka 1918 Dakta Charles Norris akaanza kazi kama daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo. Mwaka 1928 Baraza la Taifa la Utafiti lilipendekeza cheo kifutwe nchi nzima. Mwaka 2009 baraza hilohilo likarudia ushauri uleule. Kaunti zetu bado zinapiga kura.

Mtaniuliza: basi si tuseme wazi kwamba kuchagua ni kosa, madaktari wateuliwe, tufunge mkutano? Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu. Kilichonibadilisha, au tuseme kilichonipunguzia uhakika, ni maisha ya daktari mmoja Mwafrika.

Bennet Omalu alizaliwa Nigeria. Mwaka 2002 alikuwa kijana anayefanya kazi katika ofisi ya mchunguzi wa vifo wa kaunti ya Allegheny, mjini Pittsburgh. Mwezi Septemba ililetwa maiti ya Mike Webster, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, aliyekufa akiwa na miaka 50 baada ya kuishi miaka yake ya mwisho akiwa amechanganyikiwa, akilala hata kwenye gari lake. Chanzo kilionekana wazi kuwa ni moyo. Cheti kingeweza kuandikwa mchana uleule. Omalu hakuridhika. Ubongo ulionekana wa kawaida kwa macho, lakini aliomba uhifadhiwe ukatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini, na gharama akazilipa mwenyewe. Alichokiona kikaja kutikisa mchezo mzima: madhara ya kugongwa kichwa mara maelfu. Alikichapisha mwaka 2005, na ligi ikampinga kwa nguvu.

Mkuu wa ofisi aliyemruhusu alikuwa Cyril Wecht, mchunguzi wa vifo wa kuchaguliwa, daktari na mwanasheria kwa pamoja. Pittsburgh ni mji unaokaribia kuabudu mpira, na mwanasiasa mwoga angemwambia kijana yule aachane na ubongo wa shujaa wao. Mwaka 2005 kaunti ile nayo ikaacha kumchagua mchunguzi, ikahamia kwa daktari wa kuteuliwa, lakini ugunduzi ulikuwa umeshatoka mikononi mwa ofisi ya kura.

Omalu akahamia California, kaunti ya San Joaquin, chini ya sherifu ambaye pia ndiye mchunguzi wa vifo. Mwezi Desemba 2017 alijiuzulu, yeye na daktari mwenzake, wakilalamika kwamba sherifu anaingilia kazi yao, hasa pale mtu anapokufa mikononi mwa polisi. Sherifu alikana. Mwaka uliofuata, kaunti iliamua kumtenganisha mchunguzi na sherifu.

Daktari ni yuleyule na kisu ni kilekile. Kilichotofautiana ni nani anayesimama juu yake wakati anapoandika neno lisilopendwa. Ndiyo maana nasema shahada ni nusu ya sifa, na nusu ya pili ni uhuru. Sheria za zamani ziliuona uhuru huu kuliko sisi tunavyouona. Jimboni Indiana, hati ya kumkamata sherifu inapelekwa na mchunguzi wa vifo. Kwa muda wa karne nyingi yeye ndiye aliyekuwa wa kumkabili sherifu. Kuwaunganisha wawili hao katika mtu mmoja ni kumwachia paka ufunguo wa kabati la samaki.

Wala uteuzi peke yake hauleti ujasiri. Mwezi Julai 1995 joto kali liliua mamia ya watu Chicago, wengi wao wazee maskini waliokuwa wakiishi peke yao. Kaunti ya Cook ilikuwa imeshaacha uchaguzi tangu 1976, na daktari wa kuteuliwa, Edmund Donoghue, akaanza kuhesabu vifo vya joto. Meya alitilia shaka hesabu hiyo hadharani. Donoghue hakurudi nyuma, na hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha vifo zaidi ya 700 kuliko kawaida, tena kwamba yeye ndiye aliyekuwa amehesabu pungufu. Angeweza kunyamaza. Kilichomzuia ni tabia yake, na tabia haiandikwi kwenye sheria ya sifa za mgombea.

Nieleze msimamo wangu, kwa kuwa mmeniita nije niseme ninachoamini. Kisu kishikwe na daktari bingwa wa uchunguzi wa maiti, kila mahali, bila mjadala. Jimbo hili la Kentucky liko afadhali kidogo, maana mchunguzi wa kaunti anaweza kuipeleka maiti kwa madaktari wa jimbo. Lakini ni yeye anayeamua ipelekwe au isipelekwe, na uamuzi huo ndio mzito kuliko yote. Maiti ambayo haikupelekwa haitasema kitu tena. Kwa hiyo maadamu sheria inaturuhusu kumchagua mtu huyo, tusimchague kwa sababu jina lake tumeliona kwenye bango la nyumba ya mazishi. Wengi wa wagombea huku wanatoka kwenye biashara hiyo. Wapo waadilifu, tena wengi, wanaojua maiti na wanaojua kuzungumza na wafiwa. Ila muulizeni: maiti ikitoka mikononi mwako, nani anaizika? Ni kampuni yako?

Na sisi Waswahili tuna jambo letu. Kwetu, mtu akifa kwa utata, njia ni polisi na hakimu. Kenya ilipitisha sheria ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017, lakini miaka mingi ikapita bila huduma hiyo kuanza kazi. Kwa hiyo wengi wetu tumekulia mahali ambapo ofisi ya namna hii haikuwa sehemu ya maisha. Tukiiona huku tunaiogopa. Nimeona familia ikificha chupa za dawa ili marehemu asiaibike, na nimeona ndugu wakisafisha chumba kabla watu wa kaunti hawajafika, kwa nia njema kabisa ya kumstahi marehemu. Msifanye hivyo. Kila kitu kilichoondolewa ni jibu lililoondolewa.

Haya mengine ni ya vitendo. Upasuaji ukiagizwa na mchunguzi, kwa kawaida familia hailipi. Majibu ya vipimo vya damu huchukua wiki nyingi, lakini mwili hauhitaji kuyasubiri: unaweza kutolewa ukazikwa au ukasafirishwa nyumbani huku cheti kikisema uchunguzi unaendelea, kisha kirekebishwe. Nimekutana na watu walioanza michango ya kusafirisha mwili wakiambiana lazima wangoje miezi miwili. Ulizeni ofisini kwanza. Ndugu Waislamu wanaotaka kuzika upesi na bila kupasua, semeni mapema, saa ileile ya kwanza. Yako majimbo, kama Ohio na California, ambayo sheria zake zinatambua pingamizi la dini, ingawa halishindi pale panaposhukiwa mauaji. Na popote pale, ombeni mkalimani wa Kiswahili, tena awe wa Kiswahili mnachokisema ninyi. Mama wa Bukavu na mama wa Tanga hawasemi “alianguka” kwa maana moja kila mara. Mmoja anaeleza mtu aliyeteleza, mwingine anaeleza mtu aliyeshikwa na kifafa. Kwenye cheti, moja ni ajali na nyingine ni ugonjwa.

Vijana mnaosomea uuguzi na udaktari, na mnaofanya kazi kwenye magari ya wagonjwa, nawaomba muitazame ofisi hii kama mahali pa kazi. Naibu yule aliyehesabu vidonge alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa kabla ya kuja huko. Nilimuuliza, tukiwa nje kwenye baridi, kwa nini hakuandika alichoambiwa kwa simu. Akaniambia kwamba mtu anayetaka kujiua hafuniki ugali kwa ajili ya kesho yake. Nilipomweleza kuwa ugali ule ulifunikwa na mke, alicheka kidogo, akasema ndiyo maana huwa anahesabu pia.

Mchunguzi wa vifo katika kila moja ya kaunti 120 za Kentucky huchaguliwa kwa muhula wa miaka minne. Waliopo walichaguliwa 2022, na uchaguzi unaofuata ni tarehe 3 Novemba 2026. Jina lake huwa chini sana kwenye karatasi, baada ya majina makubwa, pale ambapo wapiga kura wengi wameshachoka na kuacha wazi. Mwenye uraia ajiandikishe. Mkiwaona wagombea kabla ya siku hiyo, waulizeni maswali matatu: wamesomea nini, nani anazika maiti zinazopita mikononi mwao, na mtu akifa jela watampigia simu nani kwanza. Kisha shukeni na karatasi hadi chini, mjaze mstari huo.